Barua ya wazi kwa mdogo wangu: usimpe mwanao unga wa kuongeza urefu

Mdogo wangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema mwanao ametimiza miaka 14, wenzake wameanza kuota ndevu na sauti zao zimekuwa nzito, naye uwanjani bado wanamwita Kitoto, na kwamba jirani amekuletea unga wa kuongeza urefu. Ninakuomba sana usimpe unga huo kabla hajaonwa na daktari.

Balehe huanzia kwenye ubongo. Sehemu iitwayo haipothalamasi hutoa homoni kwa vipindi, mwanzoni hasa usiku mtoto akiwa amelala, na homoni hiyo huiamsha tezi ya pituitari, ambayo nayo huziagiza korodani kutengeneza testosteroni, yaani homoni ya kiume. Kwa wavulana wengi hayo huanza kati ya miaka 9 na 14, na dalili ya kwanza si ndevu wala sauti bali ni kukua kwa korodani, jambo ambalo mzazi halioni na mtoto hatalisema. Daktari hulipima kwa kulinganisha na shanga 12 zilizotungwa kwenye uzi mfano wa tasbihi, za ujazo wa mililita 1 hadi 25, ambazo zilibuniwa na daktari wa Uswisi, Andrea Prader. Korodani zikifikia mililita 4, balehe imeanza hata kama kwa nje mtoto ni yule yule. Huenda mwanao ameshaanza na hakuna anayejua.

Kama hajaanza, sababu inayoongoza kwa wavulana ni kuchelewa tu, na mara nyingi huko ni kwa kurithi. Wewe mwenyewe kidato cha pili ulikuwa unasimama mbele kabisa mstarini, na kufikia kidato cha nne mama alikuwa ameshusha pindo za suruali zako mpaka kitambaa cha kushusha kikaisha. Mweleze mwanao habari hizo, tena wewe baba yake, kwa sababu anachoumia nacho sasa ni kudhani kwamba yuko peke yake.

Hata hivyo, urithi usikufanye ubweteke. Selimundu, upungufu wa homoni za tezi ya shingo, lishe duni na maradhi ya muda mrefu ya utumbo, yote huchelewesha balehe. Mpime urefu leo bila viatu, umpime tena baada ya miezi sita. Mtoto ambaye hajabalehe huongezeka kama sentimita 5 kwa mwaka, na akiwa chini ya 4 daktari atataka kujua kwa nini. Muulize pia kama anasikia harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Swali hilo lina maana, kwa sababu seli za ubongo zinazoanzisha balehe hutokea eneo la pua mimba ikiwa bado changa, na wako watoto wachache wanaozaliwa bila uwezo wa kunusa na bila seli hizo kufika mahali pake.

Sasa huo unga. Mifupa mirefu hurefuka kwenye gegedu lililo karibu na ncha zake, na gegedu hilo likishageuka mfupa, urefu umekwisha. Kinacholifunga, hata kwa mwanaume, ni homoni ya kike iitwayo estrojeni, ambayo mwili huitengeneza kutokana na testosteroni. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walieleza habari za mwanaume wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuweza kuitikia estrojeni: alikuwa na sentimita 204 na bado alikuwa anarefuka. Kwa hiyo unga usiojulikana una nini, ukiwa na homoni za kiume ndani yake, unaweza kumpa misuli na ndevu za haraka huku ukimfungia mifupa kabla ya wakati, akabaki mfupi maisha yake yote.

Daktari naye anaweza kumpa testosteroni, lakini ni dozi ndogo ya sindano kwa miezi michache, baada ya kupiga eksirei ya mkono wa kushoto na kujua umri wa mifupa. Mifupa ikionyesha miaka 11 au 12, ana muda mwingi bado.

Mafunzo ya madaktari wa homoni za watoto yalianza Nairobi mwaka 2008, na waliohitimu wamesambaa nchi nyingi za Afrika, kwa hiyo omba rufaa bila kusita. Beba kadi yake ya kliniki ya utotoni, uandike urefu wako na wa mama yake, na umwache azungumze na daktari peke yake kwa dakika chache. Ukipata tarehe nijulishe, nije nikae na wadogo zake.

Dada yako