Jiwe la kale likionekana korongoni, lisioshwe

Mhariri,

Masika yakiisha makorongo hubomoka, na picha za "mawe ya ajabu", mengine zana zilizochongwa na watu wa kale, huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: jiwe limesuguliwa kwa brashi, limepakwa mafuta ling'ae, limewekwa juu ya kitambaa cha meza. Hapo ushahidi umeshapotea.

Kwa kawaida jiwe lenyewe halisemi lilichongwa lini. Kinachopimwa ni majivu ya volkano, mfupa au mchanga uliokuwa nalo. Pale Isimila, Iringa, ambako mwaka 1951 msafiri aliokota mashoka ya mkono (zana za mawe za kushikwa bila mpini), umri wa takriban miaka 260,000 ulipatikana kwenye mfupa.

Kwanza litazame asubuhi au jioni, jua likiwa ubavuni. Kipande kilichobanduliwa kwa kugongwa huwa na kinundu chini kidogo ya mahali kilipopigwa, na viwimbi vinavyosambaa kutoka hapo kama maji yaliyotupiwa kokoto. Shoka la mkono huchongwa pande zote mbili, makovu (alama za vipande vilivyobanduka) yakipandana kuelekea ukingoni. Kovu moja halitoshi: plau ya trekta na kwato za ng'ombe nazo hubandua mawe, ila kovu lao huwa na rangi mbichi. Mawe ya kwatzi (quartz) humsumbua hata mtaalamu, maana huvunjika ovyo.

Usiling'oe. Piga picha ya karibu yenye rula au kalamu, ya ukuta wa korongo ikionyesha tabaka za udongo, na ya mbali yenye mti au kilima. Nakili namba za GPS za simu. Andika kama limechomoza ukutani au limelala chini. La chini huenda limesombwa kutoka mbali, la ukutani ndilo lenye thamani zaidi. Kisha toa taarifa serikali ya kijiji na ofisi ya wilaya. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuvichimba bila leseni ni kosa.

Greda likiwa tayari linakuja, basi liokoe, lakini na udongo wake. Mabaki ya mimea yanaweza kuwa yameganda kwenye makali. Kila jiwe lifungwe peke yake, kwa sababu yakigongana mfukoni yanapata makovu mapya. Lebo iandikwe kwa penseli, wino hufutika kwa unyevu. Gazeti la jana, hata hili, linafaa kufungia.

Wanaakiolojia wawili,
Iringa