Daftari la upatu halikumtosha wakili

Ndugu Mhariri,

Kila tukikutana msibani au kwenye shughuli huku Uingereza, hakosekani mtu wa kulalamika kwamba wakili wa nyumba akishaona jina letu tu, anaanza kuuliza pesa zimetoka wapi. Nami nililisema hilo, tena kwa sauti. Naomba nafasi nieleze kwa nini maneno yangu nimeyameza, ingawa si yote.

Mwishoni mwa 2024 binti yangu alipata nyumba hapa Reading. Benki ilikubali kumkopesha, lakini dipoziti ikampungukia. Nikamwambia nitampa paundi 20,000. Nahudumia wazee zamu za usiku, mwaka wa kumi na tisa sasa. Pesa ninazo kwa sababu sikuzila.

Paundi 14,000 hazikuwa na neno. Zilikuwa akiba, zinaingia kidogokidogo kila baada ya mshahara. Nikatoa taarifa za benki za miezi sita, pasipoti na uthibitisho wa anwani, kwisha. Barua ya zawadi nayo nikasaini: si mkopo, sitamdai, wala sina changu katika nyumba hiyo. Hapo mwisho nikasoma mara mbili. "Kwa hiyo hata chumba cha kufikia sina?" Binti akacheka. Mimi sikucheka sana.

Zilizonitoa jasho ni 6,000 za upatu. Tuko wanawake kumi na wawili, paundi 500 kila mmoja kwa mwezi. Saba tunamtumia kijumbe kwa benki, watano wanampelekea mkononi. Zamu yangu ilipofika, kijumbe akanirushia 3,500 kwenye akaunti, na 2,500 akanikabidhi ndani ya bahasha ya kaki. Nilipokwenda kuziweka, mashine ya benki ikawa inatema noti na foleni nyuma yangu inaguna. Nikaweka 1,500, zilizobaki nikarudi nazo nyumbani, nikazipeleka kesho yake.

Sikujua kwamba kuvunja pesa vipandevipande ni mtindo wa wanaotakatisha fedha. Swali la kwanza la wakili lilikuwa hilo: kwa nini siku mbili?

Nikampelekea daftari. Kaunta buku la jalada jekundu, majina, tarehe, saini, na duara la mafuta pale kijumbe alipotua sahani ya maandazi. Kwetu hilo daftari ndiyo mahakama. Wakili alilipiga picha ukurasa kwa ukurasa, kwa adabu kabisa, halafu akasema linaonyesha pesa zimepita kwa nani, halionyeshi zimetoka wapi. Alitaka kila mmoja wa wale watano aandike barua na aonyeshe taarifa ya benki yenye siku aliyozitoa.

Nilikasirika. Baadaye nikaelewa kwamba yeye mwenyewe amebanwa. Kanuni za kuzuia utakatishaji fedha za 2017 zinamtaka ajue chanzo, na akilegeza mkono anawajibishwa na mamlaka inayosimamia mawakili. Tena akiwa na shaka na kuipeleka kwa National Crime Agency, chombo cha taifa cha kupambana na uhalifu, haruhusiwi kukudokeza. Kuna wiki moja alikaa kimya, na nilivyokuwa nimeshaambiwa hilo, usingizi ulinipaa. Kumbe alikuwa likizo.

Kuhusu jina letu, jirani yangu ni Mwingereza wa kuzaliwa. Alimpa mwanawe pesa alizouza gari, akadaiwa hati ya mauzo na siku pesa zilipoingia benki. Hapo nikanyamaza.

Nisilolimeza ni hili. Kaka yangu wa Tanga alitaka kumchangia mpwa wake kwa pesa za kiwanja alichouza. Tukaambiwa uchunguzi wake utakuwa mzito zaidi kwa sababu Tanzania ilikuwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, yaani orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu. Kaka ana hati zote, kosa lake ni anwani. Tukamwambia aache. Tanzania ilitoka kwenye orodha hiyo Juni 2025, baada ya sisi kumaliza. Wasomaji wa Kenya wafahamu kwamba nchi yao iliingizwa Februari 2024.

Turudi kwa wale watano. Watatu walileta karatasi. Mmoja akasema benki yake si ya kusomwa na mwanangu wala wakili wa mwanangu, na sikumlaumu. Wa mwisho hulipwa taslimu kwa kusuka nywele, hakuwa na cha kuonyesha. Paundi 1,000 zikakosa mwenyewe. Zawadi ikashuka hadi 19,000, barua ikaandikwa upya, benki ya mkopo ikaarifiwa upya, na binti akajazia kutoka mshahara wake. Wiki tano zilikuwa zimepita, na muuzaji ameshatishia mara mbili kumpa mtu mwingine. Angeweza, kwani hapa kabla ya kubadilishana mikataba hakuna aliyefungwa.

Sasa upatu wetu wote unapita benki, na kila anayetuma anaandika neno "upatu" na mwezi. Msusi anaweka kwanza kwenye akaunti yake, ndipo anatuma. Yule mwingine amejitoa. Kijumbe ananung'unika kwamba tumemnyang'anya raha ya kuhesabu noti, lakini daftari bado analo, na bado tunasaini.

Mama wa wanne,
Reading, Uingereza