Kadzo, hicho si kinyago

Dada Kadzo,

Hujambo huko? Sisi wazima, mama anakusalimu, na mguu wa Karisa umepona. Nisamehe kwa kimya cha miezi yote hii. Ile picha uliyonitumia ndiyo imenikalisha leo niandike.

Umesema, "Tazama kinyago kizuri cha kwetu nilichokikuta makumbusho." Dada, hicho ni kigango, nguzo ya mti ya kumkumbuka marehemu. Kichwa cha duara, mwili bapa kama ubao, pembetatu zimechongwa kutoka shingoni hadi chini: huyo ni mzee wa Gohu, chama cha wazee wetu Wagiriama. Jamaa zake walimsimamishia, pengine baada ya kuwatokea ndotoni akidai chake, wakamfunga vitambaa na kummwagia tembo, pombe ya mnazi. Kikishachimbiwa haking'olewi. Hata mji ukihama, chenyewe hubaki pale pale mpaka mvua na mchwa wakimalize.

Nimeikuza picha nikaangalia chini, pale kilipokazwa kwenye chuma. Kuanzia hapo mti umebadilika rangi na kulika, shibiri moja na zaidi. Ndiyo sehemu iliyokuwa udongoni. Huko juu wamempangusa akang'aa, lakini hapo chini panaonyesha aling'olewa.

Usiseme haiwezekani. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda si mrefu vikaibwa. Miaka mingi baadaye vikaonekana Marekani, kimoja Illinois State University, kingine Hampton University. Cha kwanza kilirudishwa 2006, cha pili 2007, na picha ile ile ndiyo iliyokuwa ushahidi. Makumbusho ya Denver, huko huko Marekani, nayo ikarudisha vigango 30 mwaka 2019. Ila vingi vya Denver havikuwa na picha wala jina la mji vilikotoka, na hilo ndilo linaloniuma. Kigango kikirudi kisijulikane ni cha nani, kinasimamishwa wapi? Nani atakimwagia tembo?

Wachukuaji wengine walikuwa vijana wetu wenyewe, wakiwauzia wenye maduka ya vinyago Mombasa na Malindi. Baba hakupenda hata kulizungumza. Yule mzee wa kule juu alipoibiwa vyake... basi, tutaongea ukija.

Sasa nina ombi. Rudi pale. Kibao chake kimeandikwa nini? Namba yake ya usajili ni ipi? Nani alikitoa, mwaka gani, na alikinunua kwa nani? Mgongoni kumebaki alama ya kitambaa? Watakuruhusu upige picha ile sehemu ya chini kwa karibu? Mimi nitazunguka kwa wazee na picha hizo, mji kwa mji, maana wanaokumbuka sura za vigango vyao wanapungua kila mwaka.

Jumamosi hii utapata nafasi? Nenda na Sidi, yeye haogopi kuuliza.

Nduguyo,
Charo