Vibandiko vya redio kwenye mifuko ya damu

Mhariri,

Nimekesha maabara usiku mwingi, najua adha ya kusaka mfuko wa damu ya kundi O hasi: friji wazi, unapekua mmoja mmoja, joto linapanda, na simu ya chumba cha upasuaji haikomi kulia. Chembe nyekundu zinatakiwa zikae kati ya nyuzijoto 2 na 6, na hata zikitunzwa vyema hazivuki siku 42. Chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, ndizo hazina subira kabisa, siku 5 hadi 7 tu.

Adha hii ingepungua kwa kibandiko cha redio (RFID), yaani lebo yenye chipu ndogo ya taarifa za mfuko, nacho hakihitaji betri. Kisomaji hukiamsha kwa mawimbi yake, kikahesabu mifuko mingi kwa mpigo na kuonyesha upi unakaribia kuharibika. Ila wauzaji waulizwe masafa ya mawimbi ya vibandiko vyao: damu sehemu kubwa ni maji, na maji hufyonza mawimbi ya masafa ya juu sana. Megahezi 13.56 ndizo zinazopendekezwa kwa kazi hii.

Tena kibandiko kisiwe kisingizio cha kuacha kusoma jina la mgonjwa kitandani kabla ya kumwongezea damu. Hapo bado tunahitaji macho ya watu wawili.

Mtaalamu wa maabara