Saketi Iliyofaulu Kwenye Uigaji na Kushindwa Kwenye Chipu

Wateja wengi wanaotuletea kazi za saketi za kidijitali huwa na lalamiko moja: programu ya uigaji ilionyesha matokeo sahihi, lakini msimbo uleule ulipopakiwa kwenye chipu ya FPGA (chipu ambayo saketi yake ya ndani hupangwa kwa msimbo), majibu yakawa hayatabiriki. Mara chache sana huwa chipu ni mbovu. Uigaji wa kawaida wa VHDL au Verilog, lugha za kuelezea saketi, hukagua mantiki peke yake, kana kwamba ishara hufika papo hapo, ilhali ndani ya chipu kila geti (kipande kidogo cha mantiki) na kila waya huichelewesha kidogo.

Chukulia saketi inayoendeshwa na saa ya megahezi 50, yaani ishara yenye mapigo milioni 50 kwa sekunde. Kati ya pigo moja na jingine zipo nanosekunde 20, na katika muda huo ishara inapaswa kutoka kwenye rejista (kihifadhi kidogo kinachonasa thamani saa inapopiga), kupita mageti yote ya katikati na kutulia kabla pigo linalofuata halijafika. Ikiwa hesabu ya kuzidisha inahitaji nanosekunde 23, rejista inayopokea inaweza kunasa thamani ambayo haijakamilika. Kosa hilo huenda likajitokeza leo na kutoweka kesho, joto la chipu linapobadilika. Mara nyingi tiba ni kuigawa hesabu hiyo kwa kuweka rejista katikati. Jibu litachelewa kwa pigo moja zaidi, lakini kila sehemu itapata muda wa kutosha.

Ripoti ya muda, inayotolewa na programu ya kugeuza msimbo kuwa saketi ya chipu, hufichua tatizo hili, mradi mbunifu ameitajia programu hiyo kasi ya saa katika faili la masharti. Asipoitaja, programu haina lengo la kupimia, na ukimya wake si ushahidi wa usalama.

Ripoti hiyo, hata hivyo, haiwezi kukuambia kidole kitabonyeza swichi wakati gani. Swichi ikibadilika karibu mno na pigo la saa, rejista inaweza kuyumba kwa muda kati ya 0 na 1. Kwa hiyo tunaipitisha ishara yake kwenye rejista mbili zinazofuatana, njia inayopunguza hatari sana ingawa haiimalizi kabisa. Tunasoma pia maonyo ya programu, ambayo wengi huyapuuza, hasa yale ya kumbukumbu iliyozaliwa bila kukusudiwa kwa sababu sharti la «if» halikuwekewa «else».

Anayehitaji ukaguzi atutumie msimbo, faili la masharti, ripoti ya muda na jina kamili la chipu. Picha ya uigaji uliofaulu haitusaidii sana.