Risala ya Klabu ya Vifaa Tiba kwa mgeni rasmi, siku ya maonyesho ya chuo

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wetu, wazazi na wanachuo wenzetu, shikamooni wakubwa na karibuni sana. Sisi ni wanachuo wa mwaka wa pili na wa tatu, tuko 23, na klabu yetu ilianza kwa sababu ya kipande kimoja cha chuma ambacho kipo pale mezani kwenye kikopo cheupe, tunaomba ukikague ukipita.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenzetu mmoja alipata ajali ya bodaboda akavunjika paja, akawekewa pleti na skrubu nane, akaanza kutembea na magongo, halafu mwezi wa saba asubuhi moja anashuka ngazi za hosteli akasikia tu kitu kimelia mguuni, pleti imekatika vipande viwili. Akarudi kufanyiwa upasuaji upya. Yeye akaomba apewe hicho chuma, wakakisafisha, wakampa. Mtaani kila mtu alishatoa hukumu kuwa kawekewa feki.

Sisi tukasema ngoja tuangalie kwanza. Tukasogeza sumaku, haikuvuta, na stenlesi ya hospitali inayoitwa 316L kweli haitakiwi kuvutwa na sumaku, kwa hiyo hapo feki haijathibitika. Tukaweka sehemu iliyokatika chini ya hadubini ya karakana na hapo ndo tulinyamaza wote, maana kuanzia kwenye ukingo wa tundu la skrubu kuna mistari myembamba imejipanga, inafuatana, kama zile alama za mawimbi mchangani maji yakishakupwa. Hiyo ni alama ya chuma kilichochoka. Yani hakikukatika siku ile kwenye ngazi, kilianza kukatika siku nyingi nyuma, hatua kwa hatua, kila akikanyaga ufa unaongezeka kidogo, inawezekana kabisa mfupa ulichelewa kuunga na pleti ikabeba mzigo wote peke yake. Na chini ya kichwa cha skrubu tukakuta vishimo vidogo vya rangi ya kahawia, kutu, pale ambapo vyuma viwili vinasuguana na majimaji ya mwili hayapiti vizuri.

Tangu hapo tukawa hatulali, tunasoma tu hivi vitu vinapimwaje kabla havijaingia kwa mtu. Kuna viwango vya kimataifa vya ISO 10993, nyenzo inalowekwa kwenye maji lishe ya kukuzia seli kwenye nyuzi 37 kama joto la mwili, saa 24 au zaidi, halafu yale maji wanapewa seli za panya, seli zilizobaki hai zikishuka chini ya asilimia 70 nyenzo inahesabika ina sumu kwa seli. Wanapima pia kama inawasha na kama inaleta aleji, na wale ambao masikio yanawawasha wakivaa hereni za bei rahisi wanaelewa, nikeli hiyo, na 316L yenyewe ina nikeli kati ya asilimia 13 na 15. Halafu kuna nguvu, shina la nyonga bandia, ile sehemu inayoingia ndani ya mfupa wa paja, linabonyezwa kwenye mashine mara milioni 5 na halitakiwi kuvunjika.

Ila mheshimiwa, kupimwa maabara hakutoshi na hili ndo limetuuma zaidi. Daktari John Charnley wa Uingereza, miaka ya 1950 mwishoni, alitengeneza nyonga bandia kwa tefloni, ile ile ya kwenye vikaango, inateleza sana na mwanzo wagonjwa walifurahi, lakini ndani ya miaka michache ikasagika na unga wake ukaleta uvimbe, akalazimika kuwarudia wagonjwa mmoja mmoja. Alipopata polithini ngumu, safari hii alijiwekea mwenyewe vipande pajani, cha tefloni na cha polithini, tefloni ikavimba, polithini ikatulia, na mwaka 1962 akaanza kuitumia. Mtu wa hivyo tunamheshimu sana.

Na hata juzi juzi, mwaka 2010, nyonga bandia za chuma kwa chuma aina ya ASR ziliondolewa sokoni, walikuwa wameshawekewa watu kama 93,000 duniani, chembe za kobalti na kromiamu zinaingia kwenye damu na kuharibu nyama. Tatizo lilionekana kwenye rejista za Australia na za Uingereza, maana kule kila kipandikizi kinaandikwa, kaweka nani, lini, aina gani, kwa hiyo zilipoanza kurudi nyingi kuliko kawaida wakaona.

Sasa rudi kwa mwenzetu. Pleti yake ina namba ya toleo, yani ya kundi lililotengenezwa pamoja, imechongwa ubavuni, tumeisoma kwa lenzi. Faili lake halina hiyo namba, limeandikwa pleti na skrubu, basi. Kama kuna watu wengine 50 wana pleti za toleo hilo miguuni hakuna wa kuwatafuta, na taarifa kama hii ilitakiwa ifike TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Mheshimiwa mgeni rasmi, maombi yetu ni haya. Utusaidie kuongea na hospitali za mkoa namba ya toleo iingie kwenye faili na kwenye kadi ya mgonjwa, ni dakika moja tu ya kalamu. Vyuma vinavyotolewa, mgonjwa akikubali, visitupwe, tupewe vikiwa vimeshasafishwa kwa joto tuvichunguze na majibu turudishe kwa madaktari. Na tunaomba hata siku mbili kwa muhula kwenye maabara yenye mashine ya kusoma madini, kwa sababu kiasi cha kromiamu na molibdenamu kwenye pleti ile, cha kutuambia kama ni 316L kweli, mpaka leo hatujaweza kukipima, na mwenzetu, yupo pale mstari wa pili na gongo lake, anauliza kila wiki.

Naomba kuwasilisha.