Barua kwa mwanangu Rajabu anayehamia Nzega

Ujiji, Kigoma

Mwanangu Rajabu,

Kile kitabu chako cha saikolojia ulichokiacha juu ya kabati nimekisoma. Huyo Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, amenikosesha usingizi, na ni kwa sababu yako.

Anasema ndani ya kila binadamu zimo sura za tangu na tangu: mama, mzee mwenye hekima, shujaa, na kivuli, yaani yale tunayoyakataa nafsini mwetu. Shujaa ndiye anayemtoa kijana kwao akajitegemee. Hapo sina neno. Lakini wewe ushujaa umeubeba tangu msiba wa baba yenu, na hujautua hata siku moja. Ya matangani unayajua, siyarudii. Wenzako walilia, wewe ulikuwa unahesabu masufuria ya kukodi. Watu wakasema, "Huyo ndiye mwanamume." Nami niliitikia.

Jung anaitaja pia sura tunayowavalia watu, kama kinyago cha mwigizaji. Ya kwako ni "hamna shida, mama." Nikikuuliza habari za kazi, hamna shida. Nikikuuliza habari za yule binti wa Kasulu, hamna shida. Basi juzi ulimfokea Zuhura kwa ajili ya kijiko mpaka akaacha kula! Kinachofichwa hakifi, baba. Hutokea kwenye hasira, hutokea ndotoni.

Mwingine, mwanasaikolojia Erik Erikson, mwaka 1950 aliyagawa maisha katika hatua nane. Ya umri wako ni hii: ama mtu ajifunze kumfungulia mwenzake moyo, ama abaki mpweke. Nimeisoma mara mbili.

Sikwambii uache kupambana. Jung mwenyewe anayafananisha maisha na mwendo wa jua: asubuhi ni ya kupanda, na jua likishapinduka mtu hugeukia ya ndani. Mimi langu limeshapinduka, lako linapanda. Ila huko hospitali unakokwenda kuanza kazi utaona watu wanakata roho mbele yako. Siku ya kwanza ikitokea, usiniambie hamna shida. Nipigie, hata iwe saa nane usiku. Hutaki mimi, mpigie rafiki, mpigie huyo binti. Useme tu.

Najivunia wewe, Rajabu. Kila anayepita barazani namwambia mwanangu ni tabibu, mpaka jirani wamechoka. Lakini nilimzaa Rajabu kabla ya tabibu.

Dumu la mawese nimelifunga kwa nailoni, usiliweke karibu na mashuka kwenye treni. Dagaa wako kwenye ndoo nyeupe. Ukifika Tabora waanike kidogo kabla ya kupanda basi la Nzega. Bati la jikoni fundi ataliziba wiki hii, nimeshaelewana naye. Ada ya Zuhura ya Januari ninayo, kwa hiyo mshahara wa kwanza usinitumie hata shilingi. Nunua godoro, na neti.

Mama yako